Doom: jinsi kuzimu ilivyogeuzwa kuwa kromosomu

Katika kumbi ndogo za video za mitaa ya Kamalondo na Kenya, hapa Lubumbashi, ambako filamu za Kimarekani huonyeshwa kwa sauti ya Kifaransa na kujadiliwa kwa Kiswahili, filamu ya Doom ya mwaka 2005 huzua swali ambalo filamu nyingi za kutisha hazizui. "Papa, bale ni mapepo ao ni bagonjwa?" kijana mmoja alimwuliza mwenye ukumbi, pale kiumbe mwenye mdomo uliopasuka alipomrushia mtu kitu shingoni. Mwenye ukumbi alijibu kwamba ni mapepo. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeketi benchi la mbele akasema ni wagonjwa, na kila mmoja alikuwa na hoja zake. Ubishi huo umo ndani ya filamu yenyewe, kwa sababu ilichukua maumbo ya viumbe kutoka mchezo wa video ambamo wao ni mashetani wa kuzimu, ikawapa asili mpya ya kibiolojia, kisha ikasahau kufuta alama zote za asili ile ya kwanza. Ili kuielewa inabidi kuzitenganisha hadithi mbili zilizoshonwa pamoja, na kuipima sayansi ambayo ile ya pili inaiegemea.

Mchezo wa Doom ulitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na id Software, kampuni ndogo iliyokuwa Mesquite, katika jimbo la Texas. John Carmack ndiye aliyeandika programu iliyoweza kuchora kuta, ngazi na giza kwa kasi ambayo kompyuta za nyumbani za wakati ule hazikuwa zimeizoea, na John Romero alibuni sehemu kubwa ya ramani za mwanzo. Sehemu ya kwanza iligawiwa bure, na aliyetaka kuendelea alilipia zilizobaki, jambo lililoufanya mchezo huo uenee haraka kuliko tangazo lolote. Hadithi yake ilikuwa fupi sana. Kampuni iitwayo Union Aerospace Corporation, au UAC, inafanya majaribio ya kusafirisha vitu papo kwa papo kati ya Phobos na Deimos, ile miezi miwili ya sayari ya Mirihi, lango linafunguka upande wa kuzimu, mashetani wanamiminika, askari mmoja asiye na jina anabaki hai. Tom Hall, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alikuwa ameandika waraka mrefu wenye wahusika na visa vyao, lakini wenzake hawakutaka mzigo huo, naye akaondoka mwaka huohuo kabla mchezo haujatoka.

Katika hadithi hiyo fupi uovu una anwani yake. Unatoka nje, unapita mlangoni, una pembe na moto, na mchezaji hana haja ya kujiuliza kama yule anayemfyatulia risasi aliwahi kuwa na mke au deni. Ni kweli kwamba miongoni mwa maadui wa kwanza wamo askari waliopagawa, lakini mchezo hausimami kuwaombolezea. Toleo la tatu, lililotoka Agosti 2004, lilipunguza kasi na kuongeza giza, likamweka mchezaji katika kituo cha utafiti kilichojaa mabomba, taa zinazozimika na sauti za watu wanaokufa vyumba vya mbali. Filamu ilichukua sura yake kutoka toleo hilo: kumbi za chuma, mwanga haba, na viumbe wanaojitokeza mgongoni. Kuzimu haikuchukuliwa.

Filamu iliongozwa na Andrzej Bartkowiak, mtu aliyejulikana zaidi kama mpiga picha wa sinema kabla ya kuwa mwongozaji, ikapigwa Prague, na viumbe vyake vilitengenezwa katika karakana ya Stan Winston, kwa mavazi ambayo waigizaji waliyavaa mwilini. Inasimulia kwamba mwaka 2026 wanaakiolojia waligundua katika jangwa la Nevada lango la kale linalofika Mirihi, wakaliita Safina. Miaka ishirini baadaye kituo cha UAC huko Mirihi, chenye jina la Olduvai, kinaomba msaada, na kikosi cha askari wachache kinatumwa chini ya Sarge, anayeigizwa na Dwayne Johnson. Miongoni mwao yumo John Grimm, aitwaye Reaper, anayeigizwa na Karl Urban. Wazazi wake walifia katika machimbo ya akiolojia huko huko Mirihi, na dada yake Samantha, anayeigizwa na Rosamund Pike, bado anafanya kazi pale. Mwanasayansi ambaye majaribio yake yameleta balaa anaitwa Carmack, salamu ya wazi kwa yule mwandishi wa programu wa mwaka 1993.

Jina la kituo halikuchaguliwa ovyo. Olduvai ni bonde la kaskazini mwa Tanzania ambako Mary Leakey alipata, mwaka 1959, fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, na ambako yalitoka mabaki yaliyowafanya wataalamu watangaze mwaka 1964 spishi ya Homo habilis. Filamu inajipachika ndani ya elimu ya asili ya binadamu: Samantha anamwonyesha kaka yake mifupa ya mwanamke wa kale wa Mirihi aliyemkumbatia mtoto, naye anaitwa Lucy, kama yule Lucy wa Ethiopia aliyepatikana mwaka 1974. Watu hao wa Mirihi, tunaambiwa, walikuwa na nguvu na afya kupita kiasi kwa sababu walijiongezea jozi ya kromosomu, ile ya 24. Baadhi yao waligeuka majabali wa wema, wengine wakawa madubwana, na waliosalia wazima walijenga lango ili wakimbilie Dunia. Carmack alikifufua kitu hicho na kukijaribu kwa mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji. Kuanzia hapo anayeambukizwa ama anakuwa shujaa ama anakuwa kiumbe wa kutisha, kulingana na kile kilichomo tayari ndani ya jeni zake.

Hapa ndipo sayansi ya filamu inapohitaji kufunguliwa taratibu. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwakunjwa, na jeni ni vipande vya uzi huo vyenye maelekezo ya kutengeneza protini na kuongoza kazi za seli. Idadi ya nyuzi haisemi mengi kuhusu ubora wa mwenye nazo, kwa maana maelekezo yaleyale yanaweza kugawanywa katika nyuzi nyingi fupi au chache ndefu. Kuna mimea yenye kromosomu nyingi kuliko sisi, na hakuna anayeiogopa.

Tena jozi 24 si jambo la kwenda kulitafuta Mirihi. Sokwe, bonobo na gorila wote wanazo. Mtu wa Lubumbashi anayetaka kumtazama kiumbe mwenye jozi 24 anaweza kwenda kwenye bustani ya wanyama ya mji wetu, ambako kituo cha J.A.C.K. kimekuwa kikiwalea sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara haramu tangu mwaka 2006. Atamkuta ameketi, anamenya tunda kwa utulivu, ganda anaweka kando, na hamrukii mtu shingoni. Babu wa pamoja wa binadamu na sokwe alikuwa na jozi 24. Katika ukoo wetu kromosomu mbili ziliungana ncha kwa ncha, zikawa ile tunayoiita kromosomu namba 2. Ushahidi bado unaonekana, kwa kuwa katikati ya kromosomu hiyo kuna mfuatano wa DNA ambao kwa kawaida hukaa kwenye ncha tu, na kuna mabaki ya kiungo cha kati cha pili, yaani ile sehemu inayosaidia seli kugawanyika, ambacho hakifanyi kazi tena. Kwa hesabu hiyo, mwandishi wa filamu aliyetaka kutuonyesha binadamu aliyeendelea zaidi yetu alichagua idadi ya nyuma yetu. Sidhani alikusudia mzaha, lakini mzaha upo.

Jambo la pili ni kwamba nyongeza ya kromosomu kwa binadamu haileti nguvu. Nyongeza inayofahamika zaidi ni nakala ya tatu ya kromosomu namba 21, inayosababisha hali ya Down, ambapo mtu huwa na kromosomu 47 badala ya 46. Nakala za ziada za kromosomu nyingine nyingi hufanya mimba iharibike mapema, kwa sababu seli hupokea maelekezo kwa kipimo kilichozidi na kazi zake huvurugika. Wala kromosomu nzima haiwezi kuingizwa kwa sindano kwa mtu mzima ikasambaa katika matrilioni ya seli zake kwa dakika chache. Kinachotumika sana kupeleka kipande cha DNA ndani ya seli za mtu aliye hai ni virusi, na madaktari hutumia virusi vilivyodhoofishwa kwa kazi hiyo, lakini vinabeba mzigo mdogo na havifiki kila mahali. Filamu inaichanganya kromosomu na virusi kana kwamba ni kitu kimoja, na mtazamaji anayeona kuumwa, homa, mishipa kutuna na mwili kubadilika ana haki ya kudhani anatazama ugonjwa wa kuambukiza.

Hata hivyo filamu haikubuni kila kitu. Samantha anasema kwamba asilimia 10 ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, bado haijasomwa, na kwamba wapo wanaodhani humo ndimo ulimo mchoro wa roho. Mwaka 2005 nusu ya kwanza ya kauli hiyo ilikuwa karibu na ukweli. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kuisoma jenomu ulitangazwa kukamilika Aprili 2003, lakini takriban asilimia 8 ilibaki matupu, kwa sababu ilikuwa na mifuatano inayojirudiarudia kiasi kwamba mashine za wakati ule hazikuweza kujua kipande kipi kinafuata kipi. Maeneo hayo yalisomwa na kuchapishwa mwaka 2022. Yalikutwa na marudio mengi, sehemu za katikati za kromosomu zinazosaidia seli kugawanyika, pamoja na jeni kadhaa ambazo hazikuwa zimeorodheshwa. Kuhusu roho, wanajenetiki hawakuandika kitu, na kwa maoni yangu walifanya vyema, maana hilo si swali lao.

Dai lingine la filamu, kwamba uovu umeandikwa ndani ya jeni na unaweza kunuswa na ulimi ambao kiumbe humrushia mtu shingoni, ndiyo inayostahili kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu ina historia halisi ambayo haikuishia kwenye sinema. Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume waliofungiwa katika hospitali ya ulinzi huko Scotland, wakakuta miongoni mwao wenye kromosomu Y ya ziada kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Magazeti yalilidaka jambo hilo, na kwa miaka kadhaa ikaaminiwa kwamba Y ya pili inamzaa mhalifu. Uchunguzi mpana uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 1976 haukuthibitisha kwamba wanaume hao ni wakatili kuliko wengine. Hali hiyo humpata mwanamume mmoja hivi kati ya elfu, na wengi wao huishi bila kujua kwamba wanayo. Mwaka 1993, mwaka uleule wa mchezo wa Doom, Han Brunner na wenzake walieleza familia moja ya Uholanzi ambayo baadhi ya wanaume wake walikuwa na kasoro adimu katika jeni iitwayo MAOA pamoja na matukio ya ghadhabu. Baadaye magazeti yakaanza kuzungumzia jeni ya vita. Wanasayansi waliofuata walionyesha kwamba tofauti za kawaida za jeni hiyo hazimfanyi mtu kuwa muuaji, na kwamba malezi na mateso ya utotoni hubadilisha sana picha.

Filamu inasimama juu ya wazo hilo lililokwisha kudhoofika, lakini inalitumia kwa namna ambayo mchezo haukuweza. Sarge anaanza akiwa kamanda wa kuaminika. Agizo la kwanza la safari ni kulinda mali ya kampuni na kuokoa data, watu wakifuata nyuma. Kadiri maambukizi yanavyosambaa anaamuru kila aliye hai auawe, mgonjwa na mzima, na kijana mdogo wa kikosi anapokataa kuwapiga risasi raia waliojificha, Sarge anampiga yeye. Wakati huo Sarge hajageuka kiumbe chochote. Ubaya wake umekamilika akiwa na uso wa binadamu na sare iliyonyooshwa, na kugeuka kwake baadaye ni kama muhuri unaogongwa juu ya barua iliyokwisha kuandikwa. Hapa naiona nguvu ya badiliko ambalo wapenzi wa mchezo walililaumu. Ukiondoa kuzimu, hakuna tena wa kumsingizia.

Katika mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na ambao kwa miongo mingi kampuni moja iliwapa wafanyakazi wake nyumba, shule, hospitali na unga wa kila mwezi, watazamaji huielewa UAC bila maelezo. Kampuni inayomiliki hata mlango wa kutokea ni jambo wanalolijua kwa hadithi za babu zao. Nimesikia wazee wakiifuata sehemu hiyo ya filamu kwa makini kuliko vijana, waliokuwa wakisubiri bunduki kubwa.

Lakini mwenye ukumbi naye hakukosea kabisa, kwa sababu mapepo yamebaki katika pindo za filamu. Viumbe wanaitwa kwa majina yao ya mchezoni, Imp na Hell Knight. Pinky, ambaye mchezoni ni shetani wa rangi ya waridi, hapa ni fundi aliyepoteza nusu ya chini ya mwili katika ajali ya lango na anayetembea juu ya kiti cha magurudumu. Dexter Fletcher anamwigiza kwa ucheshi mchungu kabla hajageuzwa. Na yumo Goat, askari mcha Mungu anayejichanja msalaba mkononi kila anapotenda dhambi. Anashambuliwa, anakufa, anaamka, anauona uso wake ukibadilika katika kioo, na anajipigiza kichwa hadi kufa kabla hajawa kitu kingine. Iwapo ulimi wa viumbe huchagua waovu, kwa nini umchague mtu wa toba? Filamu haifafanui. Mtazamaji aliyelelewa katika makanisa yetu ya uamsho analo jibu tayari, na jibu hilo halina kromosomu ndani yake.

Waliougharimia mradi hawakupata faida majumbani mwa sinema: filamu iligharimu kati ya dola milioni 60 na 70, na mapato ya tiketi duniani kote hayakufika milioni 60, ingawa iliongoza Marekani mwishoni mwa juma lake la kwanza. Wengi walisema kosa lilikuwa kuiacha kuzimu. Dai hilo lilipata kipimo chake mwaka 2019, ilipotoka Doom: Annihilation iliyoongozwa na Tony Giglio, ikiwa na kituo cha Phobos, lango, na kuzimu yenyewe. Ilipelekwa moja kwa moja kwenye diski na mitandaoni bila kupitia sinema, watengenezaji wa mchezo wakatangaza hadharani kwamba hawahusiki nayo, na ilisahaulika haraka. Kumrudisha shetani hakukutosha.

Ugumu wa kweli uko kwenye mkono wa mtazamaji. Mchezaji anapofungua mlango katika Doom, anajua amebakiwa na risasi nne, anajua kwamba akikosea atarudi mwanzo wa hatua hiyo ya mchezo, na ni yeye aliyechagua kuufungua. Hofu yake imechanganyika na wajibu. Mtazamaji wa sinema hachagui mlango, na anaelewa kwamba mwigizaji mashuhuri hatakufa dakika ya ishirini. Kwa hiyo anayehamisha mchezo kwenda sinema analazimika kuleta kitu kingine cha kujaza pengo hilo, ama wahusika, ama siri, ama swali la maadili, na mchezo wenye hadithi ya mistari mitano humwacha abuni karibu vyote mwenyewe.

Watengenezaji walilijua hilo, na ndiyo maana karibu na mwisho waliweka jaribio ambalo hata wakosoaji wakali hulikumbuka. Reaper amejeruhiwa, dada yake amemdunga kromosomu ya 24 akiamini wema wake, anazinduka, na kamera inaingia machoni mwake. Kwa dakika kama tano tunaona mtutu ukitangulia chini ya skrini, kona zikigeuka, viumbe wakitokea kushoto na kulia, hadi pambano na Pinky aliyegeuka, kwa msumeno wa mnyororo. Jon Farhat, msimamizi wa picha za kompyuta, ndiye aliyesimamia kipande hicho, kilichounganishwa ili kionekane kama kimepigwa bila kukatwa. Ukumbini vijana walisimama na kupiga kelele, na wawili waliokuwa na manete za mchezo mapajani, wakingoja zamu yao baada ya filamu, walikuwa wakibonyeza vitufe visivyounganishwa na kitu.

Kipande hicho kinafaulu kwa sababu ni kifupi. Jicho linapoona mwili ukikimbia ilhali sikio la ndani, ambalo hupima mizani, linasema mwili umeketi, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana na tumbo huanza kulalamika. Mchezaji haumwi sana kama mtazamaji, kwa kuwa mkono wake ndio unaoamua kugeuka, na ubongo huwa umeonywa mapema. Mwaka 2015 Ilya Naishuller aliongoza Hardcore Henry, filamu nzima ya saa moja na nusu iliyopigwa kwa macho ya mhusika mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Niliitazama yote kwa mapumziko mawili, na bado naona zile dakika tano za Doom zilikuwa kipimo kilichomfaa zaidi mtu aliyeketi kwenye benchi.